Siku Tuliyomjibia Padre Wili

Vijana mnaoanza ukatekista, kabla hamjaniuliza habari za semina na vyeti, shikeni kwanza hili: ukiitwa msibani usikimbilie sala. Uliza marehemu alikuwa mrefu kiasi gani, halafu nenda kaone kaburi. Mtacheka. Mimi nimeona jeneza likigoma kuingia mbele ya umati, wajomba wanarushiana maneno na wachimbaji, kwaya imemaliza nyimbo zote inazozijua na inaanza upya, na mjane amekaa chini hajui aangalie wapi. Tangu siku hiyo nikawa natembea na kamba ya kupimia kwenye mfuko wa koti, humo humo na rozari, na vilikuwa vinasukana mpaka kuvitenganisha ikawa kazi nyingine.

Paroko ameniomba niwape maneno mawili matatu ya uzoefu. Nilimwambia nimechoka. Siwafichi, nimechoka kweli. Magoti yalikataa baiskeli kabla mimi sijaamua kustaafu, na sasa niko hapa Chemchem, Tabora mjini, asubuhi naota jua, mchana nalikimbia. Watoto wa mtaa huu wananiita Mwalimu, kama tunavyoitwa makatekista wote, ingawa sijawafundisha kitu zaidi ya kunifungulia geti.

Kazi yangu ilikuwa vigango vya njia ya Isikizya. Kigango, kwa ninyi mliokulia mjini, ni kanisa dogo la kijijini ambalo padre hulifikia mara moja moja. Siku nyingine zote padre ni wewe, ila huna misa wala gari. Unafundisha watoto, unapatanisha wanandoa, unaongoza ibada ya Jumapili, unazika. Hasa unazika. Kubatiza wanasubiri padre, kufunga ndoa wanasubiri mahari, lakini maiti hasubiri mtu.

Aliyenifundisha kazi ni Padre Wilibrodi, Mholanzi. Tulimwita Padre Wili. Alikuwa mrefu kupita kiasi, kila mlango wa Unyamwezi ulimgonga, na kwenye paji la uso alikuwa na kidonda ambacho hakikupata nafasi ya kupona. Alikuja kijana, akaondoka mzee. Kinyamwezi chake kilikuwa cha wazee wa porini, na vijana wa mjini walikuwa wakiniuliza pembeni Padre amesema nini.

Jumapili yangu ya kwanza kuongoza ibada mbele yake, nilihubiri mpaka watoto wakalala, wakaamka, wakalala tena. Nikadhani nimefanya maajabu. Baadaye, tukiwa tunakula mihogo ya kuchemsha, akaniambia taratibu kwamba watu wale walikuja na njaa moja na mimi nimewaongezea ya pili. Nikanuna hadi jioni. Lakini mahubiri yangu yakafupika, na mpaka leo nikimsikia mtu anasema “na jambo la mwisho” kwa mara ya tatu, namkumbuka.

Alinifundisha pia kusalimia. Usiingie kwenye mji wa mtu ukaanza na Mungu, alisema. Ingia na shikamoo, uliza habari za mvua, za mifugo, za mgonjwa aliye ndani, kaa, nyamaza. Mungu watamtaja wenyewe. Wasipomtaja, aga uende zako, urudi siku nyingine. Ninyi mnafika na spika na jenereta, watu wanasalimiwa na kelele. Mimi sigombi, kila zama na vyombo vyake. Sisi tulikuwa tunaita watu kwa kugonga kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti, ninyi mna makundi ya simu. Na mmeniingiza kwenye kundi, nashukuru, ila kuna mtu anatuma picha ya maua kila alfajiri na sijui nimjibu nini.

Sasa niingie kwenye lililonileta, maana nawaona mnaanza kuchezea simu.

Zamani kijiji cha Padre Wili huko Uholanzi kilikuwa kinatuletea masanduku. Rozari, nguo za watoto, dawa za minyoo, soksi nzito ambazo hatukujua tuzifanyie nini. Baiskeli yangu ya kwanza ilitoka huko. Kila Jumapili tuliwaombea wafadhili wetu bila kuwajua sura. Halafu mwaka mmoja yakaja masanduku makubwa kuliko yote, na ndani yake mlikuwa na kalisi, vinara, mavazi ya misa ya rangi zote, sanamu ya Bikira Maria imefungwa kwenye blanketi, hadi vibao vya namba za nyimbo. Akina mama wakapiga vigelegele. Tukasema wenzetu wametajirika, sasa wanagawa hata vya altareni.

Padre Wili peke yake hakufurahi. Alikaa juu ya sanduku moja, akashika tama, akaniambia: “Mwalimu, hizi si zawadi. Ni vyombo vya nyumba ambayo watu wanahama.”

Sikumwelewa. Nilidhani amechoka na jua. Mavazi yale tukayavaa, sanamu tukaisimamisha, na mapadre wapya kutoka kwao wakaacha kuja, pole pole, bila mtu kutangaza. Mwishoni akabaki yeye. Afya ikamshinda, akarudishwa kwao. Siku hizi mapadre wanaopanda ndege ni vijana wetu wa hapa, wanapelekwa Ulaya kuwahudumia wazee waliobaki. Mimi kila nikipita kwenye ile njia ya zamani ya misafara nawaza jambo hili. Dini iliingia kwetu kwa njia hiyo, kwa miguu, kutoka pwani, ikikanyaga nyayo za watu waliopitishwa hapo na pembe za ndovu mabegani na minyororo shingoni. Watu wametoka mbali hivyo kutuletea kitu, halafu wao wenyewe wanakiweka chini. Kichwa changu kimeshindwa kulimeza hilo na sioni aibu kusema.

Basi, mimi nikiwa nimeshastaafu, paroko akanipigia simu. Padre Wili amefariki. Mpwa wake, binti wa dada yake, anamleta tumzike kwenye makaburi ya kigango chetu, kama alivyoomba mwenyewe. Nililia kwenye simu, paroko akanisubiri mpaka nikamaliza.

Lile neno “anamleta” ndilo lililotuponza. Habari ilifika kijijini kabla yangu. Nilipofika nikakuta kaburi limechimbwa, refu, wachimbaji wamemkumbuka urefu wake na kuongeza kidogo kwa heshima. Fundi seremala ameshatengeneza jeneza la mninga, kwa sababu walisema majeneza ya Ulaya yanaweza kuwa ya karatasi. Gari la kuchukua mwili limeazimwa. Wabebaji wamechaguliwa, wote watu aliowabatiza. Kamati ya mazishi ilikuwa chini ya Mama Paulina, mwanamke ambaye hata paroko akimsalimia anasimama vizuri kwanza. Mimi nilikagua kaburi kwa kamba yangu, nikaridhika kabisa.

Tukaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Tabora. Akashuka mama wa Kizungu wa makamo, nywele za mvi, mkoba mgongoni. Huyo ndiye Marike. Binti yangu Agnes, anayefundisha sekondari, ndiye alikuwa mkalimani. Tukampa pole, akapokea. Wabebaji wakawa wanachungulia nyuma yake kwenye ndege, wanasubiri mlango wa mizigo. Nikamwambia Agnes amuulize kwa adabu, mwili unashushwa saa ngapi. Marike akatuangalia, akauvua ule mkoba mgongoni, akaukumbatia kifuani. Akasema Padre yumo humu.

Padre Wili alikuwa amechomwa, na majivu yake yamo kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Vijana, nimeshasimama mbele ya misiba ya kila aina, ila wa kwenye mkoba sikuwahi kuuona. Mtu aliyekuwa anainama kwenye kila mlango! Mbebaji mmoja akavua kofia, akairudisha kichwani, akaivua tena. Gari tuliloazima likarudi na watu tu.

Kikao kilifanyika kanisani kesho yake. Paroko alieleza vizuri kwamba Kanisa linaruhusu, mradi marehemu hakuchagua hivyo kwa kuudharau ufufuko, na majivu yazikwe kwa heshima. Watu wakamsikiliza. Halafu Mama Paulina akasimama. Akasema kwetu kinachochomwa ni takataka za uani, lakini hilo analiacha, kwa kuwa wenye elimu wamesema. Yeye ana swali moja. Je, Padre alikufa akiwa na imani yake? Maana tunasikia kule kwao watu wameacha, makanisa yanafungwa. Kama naye aliacha, kama kuchomwa huko ndiko kulikuwa kuaga kwake, basi tusimlaze katikati ya watu waliokufa na rozari mkononi kwa sababu yeye aliwaambia waishike.

Hakuna aliyemnyamazisha. Wengi walikuwa na swali hilo hilo, ila hawakuwa na mdomo wake. Ikaamuliwa niende nikamuulize mpwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na Padre. Bila jibu, kigango hakizungumzi tena habari ya kaburi, na Marike alikuwa na siku chache tu kabla ya kurudi kwao. Paroko angeweza kuamuru. Lakini akaniambia pembeni kwamba padre anayezikwa kwa amri ni heri arudi na mkoba.

Nami nawaambia ukweli, aliyekuwa na hofu kuliko wote ni mimi. Mama Paulina alikuwa anaulizia makaburi. Mimi nilikuwa naulizia maisha yangu. Kila neno nililowahi kuwaambia watu wa njia ile, kwenye jua na kwenye tope, nililitoa kinywani mwa mtu yule. Nikisikia kwamba mwishoni alilitema, mimi nilikuwa nauza nini miaka yote hiyo?

Marike alikuja nyumbani kwangu kula. Mama Agnes alipika ugali na mlenda, na kuku kwa ajili ya mgeni, akaweka na asali mezani kwa kuwa mgeni wa Tabora haondoki bila kuonja asali. Nilisalimia, nikauliza safari, nikauliza usingizi, nikanyamaza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu kama mimi. Alisema mapema kabisa kwamba yeye haamini, tena alilisema bila ukali, kama mtu anayekuambia mapema kwamba hali nyama ili usije ukajisumbua.

Nikauliza ilikuwaje. Agnes akatafsiri. Marike akasema alipokuwa mtoto kanisa lao lilijaa mpaka wanaume wanasimama nje. Babu yake alibeba bendera kwenye maandamano ya Ekaristi. Halafu watu wakaanza kupungua. Haikuwa vita, hakuna aliyewafukuza. Mmoja alihamia mjini, mwingine akapata kazi ya Jumapili, mwingine alitaka tu kulala. Wakasoma, wakapata hospitali nzuri, wakapata pensheni, na yale waliyokuwa wanamwomba Mungu wakawa wanayapata ofisini. Kisha yakafichuka mambo machafu ambayo baadhi ya mapadre waliwafanyia watoto na wakubwa wao wakafunika, na hapo hata waliokuwa wanakwenda kwa mazoea wakasema basi. Mama yake, dada wa Padre Wili, aliacha mwaka huo na hakurudi tena. Kanisa likauzwa. Sasa ni mahali ambapo watu wanapanda kuta kwa kamba, kwa mazoezi.

Nikamwambia Agnes arudie hapo. Akarudia. Wanapanda ukuta, wanashuka, wanalipa, wanakwenda nyumbani.

Padre Wili aliporudi kwao, akasema Marike, alitaka kusaidia parokia yake ya kuzaliwa. Akakuta mlangoni pameandikwa saa za kupanda. Akapelekwa nyumba ya mapadre wazee, nayo ikafungwa kwa kuwa wazee waliisha. Akahamishiwa nyumba ya wazee ya kawaida. Huko alikuwa anasali kwa sauti, na wauguzi, watu wazuri tu, wakaandika kwamba mzee anachanganyikiwa, anaongea lugha isiyojulikana. Padre wa mji ule alifika kumwona mara moja moja, kisha naye akahamishwa. Pole pole akaacha kusali kwa sauti. Halafu Marike akawa haoni hata midomo ikicheza.

Mama Agnes alikuwa ameacha kula. Mimi nikapiga moyo konde nikauliza lile nililotumwa. Je, aliacha?

Marike alisema yeye mwenyewe aliwahi kumuuliza mjomba wake swali hilo, kwa sababu alikuwa anampenda na alitaka kujua kama anateseka. Mjomba akamjibu, naye alilikumbuka jibu lile neno kwa neno. Agnes akalitafsiri akiwa anaangalia mezani:

“Nimechoka kuamini peke yangu. Sijui tena kama ninaamini. Lakini kule kuna watu wanaamini, nipeleke kwao.”

Kuhusu kuchomwa, alisema lilikuwa wazo lake yeye Marike. Kusafirisha mwili kulimshinda, na majivu angeweza kuyabeba mwenyewe. Alimuuliza mjomba, na mjomba akasema vyovyote, mradi nifike.

Alipoondoka nilikaa uani. Niliwakasirikia watu nisiowajua, wa kijiji nisichowahi kukiona, waliomwacha mzee yule asali peke yake mpaka sauti ikamkauka. Kisha nikamkasirikia na yeye. Tulikuwa hapa, angetuandikia. Kisha hasira ikaisha ukabaki uchovu. Nikajaribu kusali, haikuja. Nikajaribu kesho yake, haikuja. Sikumwambia mtu.

Kikao cha pili nilisimama nikawaambia lote kama nilivyoambiwa. Paroko alikuwa amenishauri nitangulize uzuri, na mwenyewe nilifikiria kusema tu kwamba aliomba aje kwetu, niishie hapo. Lakini watu wale wamenisikiliza tangu wakiwa watoto, wangejua nimekata kipande. Nikasema aliacha kusali. Nikasema hakujua tena kama anaamini. Nikasema lile la kuchoka. Juu bati lilikuwa linalia kwa joto.

Mama Paulina alikaa na mikono mapajani. Alipoanza kuongea hakusimama, na hilo peke yake lilitushtua. Akasema wanawe walioko Dar es Salaam hawaendi kanisani, wanamdanganya kwenye simu na yeye anajifanya hajui. Akasema anajua kuamini peke yako kwenye nyumba kukoje. Kisha akaniuliza mimi, kama mwalimu anavyomuuliza mwanafunzi, mtoto mchanga tunapombatiza, anaamini nini.

Nikasema haamini kitu, hajui hata jina la mama yake.

“Na nani anamjibia?”

Nikasema wasimamizi.

“Basi na huyu tumjibie,” akasema.

Wasimamizi wa ubatizo mnawajua tabu yao. Unawafundisha majibu wiki nzima, siku yenyewe wanakodoa macho. Kuna mwaka Padre Wili aliuliza kwa sauti kubwa kama wanamkataa Shetani, pakawa kimya, kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza kwani huyo amefanya nini. Padre alicheka mpaka akashika nguzo. Watu wa kikao walikumbuka hilo, mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikazunguka kanisa zima. Paroko akasema kwenye kitabu cha mazishi utaratibu huo haupo, lakini haoni ni nani utamdhuru. Ikawa tumeshakubaliana.

Jumamosi tukazika. Tulipendekeza jeneza lipunguzwe, na seremala akakataa katakata, akasema hakutengeneza jeneza la kopo, ametengeneza la Padre Wili. Kaburi nalo likabaki refu vile vile. Kopo likawekwa katikati, mfuniko wa jeneza ukafungwa, wabebaji wakainua. Walikuwa wamejiandaa kwa uzito, wakajikaza, na jeneza likapaa juu ya vichwa vyao, karibu waangukie nyuma. Ndani kopo likabingirika likagonga ubao, na kila mtu alisikia. Mbebaji wa mbele, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia kwa kukosa uzito. Likashushwa, likafunguliwa. Mama Paulina akafungua kitenge chake cha juu, akalizungushia kopo. Akina mama wengine wakafuata, wakajaza vitenge jeneza zima, na lilipoinuliwa tena likatulia.

Marike alikuwa amesimama pembeni na Agnes. Alipoitwa kutoa shukrani za familia, alisema tu kwamba kwao walimuaga mjomba kwenye chumba chenye muziki wa mashine, kwa muda uliopangwa, kisha wakaingia watu wa msiba mwingine. Akasema hakujua kama duniani kuna watu wengi hivi wanaomjua. Mama Paulina akaenda akamshika mkono na hakumwachia tena. Hakuna aliyemtaka aamini.

Kaburini paroko akanisogeza mbele. Akasema niulize mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake. Nikauliza kwa jina lake, kama tunavyouliza kwa mtoto. Wilibrodi, wamkataa Shetani? Watu wakajibu kwa niaba yake, namkataa. Wilibrodi, wasadiki kwa Mungu, Baba Mwenyezi? Wakajibu, nasadiki. Waliobatizwa naye, walioungamishwa naye, na wengine ambao walimjua kwa kusikia tu.

Swali la tatu lilinikwama. Nililijua, nimelifundisha maisha yangu yote, lakini nikasimama pale mbele ya kaburi, kitabu kimefunguka mkononi, siwezi kuuliza kama mtu anaamini ufufuko. Watu wakadhani ni uchungu wa kumzika mwalimu wangu. Wakasubiri. Kisha Mama Paulina, bado amemshika mkono yule mama wa Kizungu, akajibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

“Nasadiki,” akasema. “Endelea, Mwalimu.”

Na umati wote ukarudia baada yake, nasadiki, kwa sauti iliyonipita kifuani, nikaweza kugeuza ukurasa. Walikuwa wanamjibia Padre Wili. Sikuwaambia kwamba kaburini pale walikuwa wanawajibia wawili.